Mahali pa Kuweka Kidole

Hotuba kwa watumishi wapya wa umma, siku ya kufunga mafunzo yao ya awali

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakufunzi, wazazi mliokuja kuwasindikiza watoto wenu, na nyinyi vijana mnaoripoti kazini Jumatatu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya sheria. Najua mmeshafundishwa sheria ya utumishi, kanuni za maadili, taratibu za fedha na za kutunza kumbukumbu. Nimeyaona makabrasha mliyobeba, ni mazito, nami sitayarudia. Leo nataka tuzungumze juu ya sheria ambazo hazimo humo. Mtaanza kuzisikia siku ya kwanza, pengine hata kabla ya saa 4 asubuhi, mtu atakapowaambia kwa sauti ya upole kabisa: "Hapa sisi hatufanyi hivyo."

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwekwa kaunta, mahali watu wanapoleta maombi yao. Ukutani palikuwa na tangazo lililopigwa chapa na kuwekwa kwenye fremu ya kioo: huduma hutolewa kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Lakini wiki ile ile ya kwanza waliotangulia waliniambia kwamba faili jipya halifunguliwi baada ya saa 8. Sababu hawakuitoa, nami sikuuliza. Nilichokijua ni kwamba ukipokea maombi saa 8 na robo, mwenzako wa masjala atabaki baada ya muda wa kazi kuliandikia faili namba na kuliingiza kwenye daftari, na kesho yake salamu yako haitaitikiwa.

Siku moja akaja mama mmoja, mtu mzima, saa 8 na dakika 10 hivi. Karatasi zake zilikuwa kamili. Alikuwa amezifunga kwa mpira ndani ya mfuko wa nailoni, kila nakala ina muhuri wake. Nikamwambia, "Mama, njoo kesho asubuhi." Hakupandisha sauti. Alisogea pembeni ya kaunta hadi akaufikia ule ukuta, akanyoosha mkono, akaweka kidole juu ya kioo, palepale penye ile 9.

"Mwanangu, hapa pameandikwa saa tisa na nusu. Au nimesoma vibaya?"

Nikamjibu, "Hujasoma vibaya, mama. Ila ndio utaratibu."

Akalitazama tena tangazo, kisha akanitazama mimi. Akarudisha karatasi kwenye mfuko, akaondoka. Sikumwona tena.

Nimekaa na jibu lile miaka mingi. Utaratibu niliomtajia haukuwa umeandikwa popote, na ule ulioandikwa, ambao yeye aliusoma vizuri kuliko mimi, haukumsaidia kitu. Tuna msemo kwamba sheria ni msumeno, unakata mbele na nyuma. Lakini ule tuliokuwa nao pale kaunta ulikata upande mmoja tu, wa yule asiyejua kwamba upo.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kwa nini watu waliamua kuandika sheria? Wengi watasema ni ili zisisahaulike. Mimi sikubali. Sheria zinaweza kukaa kichwani vizuri sana. Kule Iceland, baraza lao liitwalo Althing, lililoanza mwaka 930, lilikuwa na mtu maalumu ambaye kazi yake ilikuwa kuzisoma sheria kwa ghibu mbele ya watu, theluthi moja kila mwaka, hata ikiisha miaka mitatu zimesomwa zote. Hazikuanza kuandikwa hadi majira ya baridi ya mwaka 1117. Kwa karibu karne mbili watu walishtakiana na kuamuliana kwa sheria zilizokaa kwenye kumbukumbu. Na kila aliyefika kwenye mkutano ule alizisikia kwa masikio yake.

Roma mambo yalikuwa mengine. Huko ujuzi wa sheria ulishikwa na makuhani wachache wa koo za juu, na mtu wa kawaida aliijua sheria siku inapomwangukia. Watu wa tabaka la chini walipigania jambo hilo hadi mwaka 451 KK walipoteuliwa watu kumi waziandike. Ndizo zinazojulikana kama Vibao Kumi na Viwili, na ziliwekwa hadharani katika uwanja mkuu wa mji.

Wengi hadithi wanaiishia hapo. Kwetu sisi watu wa kaunta na masjala, hapo ndipo inaponoga. Vibao vilikuwa wazi, kila ajuaye kusoma angeweza kuvisoma. Lakini ili ufungue kesi ulitakiwa kutamka maneno maalumu, neno kwa neno, na ukikosea moja umeshindwa. Maneno hayo yalibaki mikononi mwa makuhani. Hata siku ambazo kesi ziliruhusiwa kusikilizwa walizijua wao. Yaani sheria ilikuwa ukutani, na mlango wa kuifikia ulikuwa mfukoni mwa mtu. Hali hiyo ilidumu karibu miaka 150, na aliyeikomesha alikuwa karani. Anaitwa Gnaeus Flavius, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Mwaka 304 KK aliyatoa hadharani yale maneno ya kufungulia kesi, na kalenda ya siku za mahakama akaibandika kwenye mbao nyeupe kuuzunguka uwanja.

Wakubwa hawakumsamehe. Inasimuliwa kwamba alipopata cheo alikwenda kumjulia hali ofisa mwenzake aliyekuwa mgonjwa, na vijana wa koo kubwa waliokuwa wameketi pale wakakubaliana wasimwinukie. Hapakuwa na kifungu cha kuwashtaki nacho. Flavius akaagiza kiti chake cha cheo kiletwe, akakiweka mbele yao, akakaa. Nampenda sana karani huyu, na ningefurahi kama kila mmoja wenu angelikumbuka jina lake kuliko langu.

Lakini msinielewe kwamba kila kisichoandikwa ni cha kuogopwa. Sheria zilizoandikwa zikiachwa peke yake haziwezi kuendesha hata ofisi moja kwa siku moja. Wafanyakazi wa reli na wa posta katika nchi mbalimbali wamewahi kutumia mgomo wa namna ya pekee: wanafika kazini kwa wakati, halafu wanafuata kila kanuni iliyomo kitabuni, herufi kwa herufi, bila kuruka hata moja. Kazi inasimama, na hakuna wa kumfukuza kwa sababu hakuna aliyevunja kanuni. Siku zote nyingine kazi huwa inakwenda kwa sababu watu wanasaidiana, wanavumiliana na kutumia akili pale kitabu kilipoishia.

Na jambo hilo haliko kwenye ofisi ndogo tu, mataifa makubwa yanasimama juu yake. Uingereza hawana katiba iliyo katika kitabu kimoja. Muswada ukipita bungeni unahitaji ridhaa ya Mfalme au Malkia, naye kwa mujibu wa maandishi angeweza kukataa. Mara ya mwisho ridhaa hiyo kukataliwa ilikuwa mwaka 1708, enzi za Malkia Anne. Zaidi ya miaka 300 imepita, na kinachomzuia mwenye taji ni kwamba jambo hilo halifanyiki.

Marekani wao waliandika katiba yao mwaka 1787, na ilipoanza kutumika haikusema lolote juu ya rais kukaa vipindi vingapi. George Washington alipomaliza viwili hakugombea tena, akaondoka mwaka 1797. Hakuna aliyemlazimisha. Waliomfuata wakalishika hilo kama sheria. Ulysses Grant alitaka kurudi kwa kipindi cha tatu mwaka 1880 na chama chake hakikumteua. Theodore Roosevelt alijaribu mwaka 1912 akashindwa. Kisha Franklin Roosevelt akagombea mara ya tatu mwaka 1940, vita vikiwa vimewaka Ulaya, akashinda, na mwaka 1944 akashinda tena. Alifariki akiwa madarakani mwaka 1945. Mwaka 1951 marekebisho ya 22 ya katiba yakathibitishwa: mtu hachaguliwi kuwa rais zaidi ya mara mbili. Desturi iliyoshikilia zaidi ya miaka 140 kwa heshima tupu, mtu mmoja alipoivuka, ilibidi iandikwe.

Hapo mtu anaweza kusema: basi tuandike kila kitu, tuweke na adhabu, tumalize. Vijana, hili ndilo kosa ambalo mtu mpya mwenye bidii hulifanya mapema zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Katika mji wa Haifa, Israel, watafiti wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichunguza vituo 10 vya kulelea watoto wadogo. Muda wa kuwachukua watoto ulijulikana, na baadhi ya wazazi walikuwa wakichelewa. Katika vituo 6 ikawekwa faini ndogo kwa mzazi anayechelewa zaidi ya dakika 10. Mnatarajia nini? Waliochelewa waliongezeka, na idadi yao ikafika karibu mara mbili ya ile ya awali. Watafiti walipoiondoa faini baada ya wiki kadhaa, watu hawakurudi walikokuwa. Waliendelea kuchelewa vilevile. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2000.

Fikirini mzazi anayekimbia barabarani kabla ya faini kuwekwa. Anakimbia kwa sababu kichwani mwake yupo mwalimu mmoja aliyechoka, amesimama mlangoni na mtoto mmoja aliyebaki, ana kwake anakotaka kwenda. Anaona haya. Faini ilipokuja, mwalimu yule akatoweka kichwani na mahali pake pakakaa bei. Ukishalipa bei huna deni na mtu. Na haya ikishaondoka, kuirudisha si kazi ya kufuta kifungu. Kwa hiyo siku mtakapopewa kuandaa waraka wenye adhabu ndani yake, jiulizeni kwanza ni kitu gani kinachowafanya watu wengi watende vizuri hivi sasa, kabla waraka haujafika.

Kanuni hizi zisizoandikwa zimekaa ndani yetu kuliko tunavyodhani. Miaka ya 1970 mtaalamu wa saikolojia Stanley Milgram aliwatuma wanafunzi wake kwenye treni za chini ya ardhi za New York wawaombe watu wawapishe kiti, bila kutoa sababu yoyote. Asilimia 68 ya walioombwa waliinuka au kusogea wakawapisha. Lakini lililomshangaza zaidi ni hali ya waombaji wenyewe. Wanafunzi walirudi wakisema kazi ile ni nzito mno. Milgram akaenda kujaribu mwenyewe, na maneno yakamkwama kooni. Alipofanikiwa kuomba na kupishwa kiti, alijikuta analazimika kujifanya mgonjwa ili ombi lake lionekane lina sababu. Mtu mzima, profesa, hakuna askari wala kifungu, na mwili wake mwenyewe unamkatalia.

Ndiyo maana sishangai mkiniambia kesho kwamba mlishindwa kuuliza. Mimi pia nilishindwa, na mimi sikuwa hata na treni iliyojaa watu wa kunitazama.

Sasa niseme lile linaloniuma zaidi. Kuna kanuni zisizoandikwa ambazo ni mbaya kuliko sheria mbaya iliyoandikwa. Wengi mnamjua Rosa Parks, mama wa miaka 42 aliyekataa kuinuka kwenye basi mjini Montgomery, Marekani, tarehe 1 Desemba 1955. Tunafundishwa kwamba alivunja sheria ya ubaguzi, na kweli ubaguzi ule ulikuwa umeandikwa. Lakini amri ya mji ule, pamoja na uovu wake, ilikuwa na maneno kwamba abiria hatalazimishwa kuacha kiti chake ikiwa hakuna kiti kingine. Madereva, kwa mazoea, walikuwa wameyavuka maneno hayo. Viti vya mbele vikijaa waliwainua watu weusi wa safu za katikati na kuwaacha wamesimama, na miaka ikapita hivyo hadi mazoea yakawa ndiyo sheria. Siku ile dereva alitaka safu nzima iachwe kwa ajili ya mzungu mmoja. Watu watatu waliinuka. Yeye hakuinuka, akakamatwa.

Watu weusi wa Montgomery wakasusia mabasi kwa siku 381. Walitembea kwa miguu, walipeana lifti. Mahakama Kuu ya Marekani ilipothibitisha Novemba 1956 kwamba ubaguzi ndani ya mabasi yale ni kinyume cha katiba, ilikuwa inafuta vilivyoandikwa. Lakini pamoja navyo ilivuta nje na yale mazoea ya madereva, ambayo hayakuwahi kusimama mbele ya baraza lolote yakapigiwa kura, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyapendekeza kwa kinywa chake.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Kanuni isiyoandikwa ni pumzi ya kazi yoyote, na mkijaribu kuiishi kazi bila hiyo mtaumizana. Ila anayeijua ana deni kwa asiyeijua. Wenyeji hawaioni, kama usivyoona miwani uliyovaa. Anayeiona ni mgeni, na huiona kwa kujikwaa nayo: mtoto wa kwanza wa ukoo kufika chuo kikuu, mgonjwa aliyepanga foleni isiyo yake tangu alfajiri, mwajiriwa aliyemwandikia mkubwa moja kwa moja kumbe barua hupitia kwa mtu fulani, mtu aliyehamia nchi ya watu. Hao wote wamesoma kila kilichobandikwa. Wanaadhibiwa kwa kile ambacho hakikubandikwa, na mara nyingi adhabu yenyewe haitangazwi. Ni jicho tu, ni "njoo kesho", ni faili lisilotoka mahali lilipo.

Na mwenye nguvu hahitaji tangazo. Yeye ana namba za simu. Tangazo la ukutani limewekwa kwa ajili ya yule mama mwenye mfuko wa nailoni, ili naye awe na mahali pa kuweka kidole.

Kwa hiyo ninawaomba kitu kimoja cha vitendo. Nunueni daftari dogo. Kila mtakapoambiwa "hapa hatufanyi hivyo" au "hapa ndivyo tunavyofanya", msibishane siku hiyo, nyinyi bado wageni. Liandikeni. Liandikeni kwa lugha ya tangazo, kama mnaloenda kulibandika mlangoni watu wote walisome. Baadhi mtaziandika na kalamu itateleza: anayeeleza shida yake asikatizwe, mwenye mtoto mchanga apite mbele, aliyekosea mara ya kwanza aelekezwe kabla ya kuandikiwa barua. Hizo zishikeni, na mgeni akija mwambieni mapema, kwa maneno mepesi, bila kumfanya ajione mjinga. Nyingine, mkifika katikati ya sentensi, mkono utakuwa mzito. Mtaona kabisa kwamba haziwezi kukaa ukutani. Wekeni alama hapo.

Najua zoezi hilo linafanya nini kwa sababu mimi nililifanya, kwa kuchelewa. Miezi kadhaa baada ya yule mama kuondoka, nilikaa kwenye mashine ya chapa nikaandika kwa herufi kubwa, sawasawa na zile za kwenye fremu: FAILI JIPYA HALIFUNGULIWI BAADA YA SAA 8:00 MCHANA. Nikaibandika karatasi ile chini ya tangazo kabla wenzangu hawajafika. Sikuwa na nia ya kumkomoa mtu. Nilitaka tu anayekuja ajue, asiache shughuli zake akaja bure.

Wenzangu walipoiona walinitaka niibandue. Mmoja aliniambia, "Hilo jambo haliandikwi." Tulikuwa bado tunabishana kwa sauti za chini mkuu wetu alipopita. Akasimama, akasoma la juu, akasoma la chini.

"Nani amesema hivi?"

"Ndivyo tunavyofanya, mzee," nikajibu.

"Najua ndivyo tunavyofanya. Nimeuliza nani amesema."

Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na jina la kutaja. Naye mwenyewe alikuwa ameukuta utaratibu ule, kama tulivyoukuta sisi. Aliibandua karatasi kwa ukucha taratibu, pembe moja baada ya nyingine, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaingia ofisini kwake bila kusema neno.

Siku hiyohiyo, saa 8 na dakika 25, alikuja kijana na bahasha ya kaki. Niliangalia kwenye mlango wa mkuu, ulikuwa wazi. Aliniona, akainamia kazi zake. Nikachukua jalada tupu, nikapokea maombi ya yule kijana, nikagonga muhuri wa tarehe. Baada yake wakaja wengine watatu. Mwenzangu wa masjala hakusema kitu, lakini nilimwona akiitazama saa ya ukutani, naye ana watoto wa kuwafuata. Kengele ilipogongwa nilikwenda upande wake, nikavuta kiti. Yeye akawa anasoma majina, mimi naandika namba kwenye daftari, hadi tukayamaliza yote manne.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.